Ploti ya Kumi na Tisa

Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa thelathini na moja.
Niliipeleka kwa Dakta Tusajigwe mwezi wa saba,
Uyole ikiwa na baridi ya kung'ata masikio.
Aliisoma ofisini amevaa koti,
kalamu ya risasi mkononi, chai ikipoa.

Ukurasa wa nne akauliza:
"Kiazi kiko wapi?"

Kinakuja, Dakta.
Kwanza nimeeleza historia ya kilimo duniani.
"Duniani," akasema, akavuta mstari.
Historia ya dunia ikafa pale pale,
haikuacha mjane.

Akafika kwenye *ilionekana*.
"Na nani?"
Na sisi, Dakta.
"Basi andika: tuliona.
Mlipanda Uporoto, matope hadi magotini,
wewe na Ambakisye mkahesabu majani yenye baka
moja moja, mvua ikinyesha mpaka daftari likavimba.
Leo mnajificha nyuma ya kitenzi?"

Nikaenda nyumbani, nikakata.
Nikakata *ikumbukwe kwamba*.
Nikakata *kwa kiasi fulani inaweza ikawa*.
Nikafika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote,
yenye mikato saba na neno la Kilatini.
Nilikuwa nimemsomea mke wangu mara mbili,
na mara zote mbili alisema "Nzuri,"
macho yakiwa kwenye pasi.

Hiyo ilinichukua usiku kucha.
Nilimkumbuka Mama Sekela akichagua mbegu:
kiazi cha ukubwa wa yai la kuku, chenye macho,
hicho kinakwenda ghalani.
Kile kikubwa cha kupendeza, cha kuonyesha wageni,
kinakwenda sufuriani.
Si kibaya. Si cha kupanda tu.
Alfajiri nikaipeleka sufuriani.

Rasimu ya tano: kurasa kumi na moja.
Swali mwanzoni, jibu likilitazama.
Mbinu zimeandikwa hivi kwamba mgeni kutoka Njombe
angeweza kuzifuata bila kunipigia simu.
Nikajiona nimefika.

Dakta akashusha kidole kwenye jedwali,
kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane,
ishirini.
Kidole kikarudi juu kidogo.
Nje mtu alikuwa anapiga trekta stati, haikuwaka.

Nikamwambia. Kumi na tisa ni ile ya bondeni,
shambani kwa Mama Sekela.
Mbegu yetu ilisimama kila mahali, pale ikaoza
yote, shina na kiazi, kwa siku tisa.
Niliiondoa ili jedwali lisimame vizuri.

"Mama Sekela ataisoma makala hii?"
Hapana, ni ya Kiingereza.
"Lakini mbegu anayo."

Akanirudishia karatasi. Safari hii
hakuwa ameandika chochote pembeni.

Nikaongeza mistari mitatu:
Katika ploti moja kati ya ishirini mbegu haikustahimili.
Ploti hiyo iko bondeni.
Sababu hatuijui.

Nimesoma miaka kumi na tisa, nikihesabu na chekechea,
na sijawahi kuandika sentensi fupi kama hiyo ya mwisho,
wala inayonitoa jasho namna hiyo
katika baridi ya Uyole.

Jumamosi nikapanda hadi kwake na bahasha.
Nikamfasiria kwa Kiswahili, jikoni, moshi ukituliza macho,
tangu swali hadi jedwali,
na nilipofika kwenye *hatuijui* nikapunguza sauti.

Mama Sekela akaacha kumenya.
"Pale?" akasema. "Pale chini pana chemchemi.
Baba mkwe aliifukia mwaka ule wa njaa apate pa kulima.
Ardhi yake haikauki hata Oktoba.
Miaka yote miwili mnapita na kamba zenu,
mbona hamkuniuliza?"

Nikageuza ukurasa wa mwisho, upande mweupe,
nikamwomba mwanawe kalamu.